Tela la Boti Lililokataa Kurudi Nyuma

Nianze na aibu, niitue mapema nipate kupumua: nilipaka grisi kwenye breki.

Wala si kwamba ilidondoka kwa bahati mbaya. Nilinunua kopo zima, nikapiga jeki, nikafungua magurudumu mawili ya tela langu, nikazifikia breki shuu, vile vipande vya chuma vilivyopinda ambavyo hutanuka na kuibana dramu ya gurudumu kwa ndani, nikavipaka grisi kwa kidole, polepole, kila mahali, kama mtu anayempaka mtoto mafuta kabla ya kumpeleka kliniki. Hoja yangu ilikuwa fupi. Tela likirudishwa nyuma, breki zinang'ang'ania. Kinachong'ang'ania kinalainishwa. Fizikia niliisoma hadi kidato cha nne, na siku ile niliona kabisa kwamba walimu wangu hawakupoteza muda wao.

Kesho yake tulipakia samadi ya mbuzi, mimi na mke wangu, tukaondoka Miyuji kuelekea shambani Makutupora. Penye mteremko nikakanyaga breki. Pikapu ikapunguza mwendo. Tela halikuona sababu ya kufanya hivyo. Likatusukuma kutoka nyuma na samadi yake yote, tukaacha barabara, tukaruka kijitaro, tukaingia kwenye shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa na kusimama katikati ya mabua. Mfugaji mmoja aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake alisimama, akatutazama, akahesabu ng'ombe wake, kisha akaendelea na safari.

Mke wangu alijifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

"Ulisema linagoma kurudi nyuma," alisema. "Sasa umelifundisha kugoma kusimama pia."

Nilikuwa bado nimeshika usukani kwa mikono miwili, ingawa hatukuwa tunakwenda popote.

Najua swali lako. Mtu wa Dodoma, mahali ambapo mito yetu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, anafanya nini na tela la boti? Mtaa mzima wa kwetu uliniuliza hilo kabla yako, na kwa maneno mabaya zaidi. Kwenye kundi la mtaa la kwenye simu mtu alituma picha ya tela langu akiwa amelichorea tanga. Mwingine akauliza kama nauli ya watoto ni nusu. Niliwajibu kwamba kiti cha mbele kimeshachukuliwa, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa na sababu.

Sababu ilikuwa zabibu. Mke wangu ana shamba la zabibu Makutupora, alilopewa na mama yake likiwa na mistari michache, naye akaliongeza kwa mikono yake. Mizabibu anaipogoa mwenyewe, anaifunga kwenye nyaya mwenyewe, na akipita katikati ya mistari husema na mizabibu ile kwa sauti ambayo mimi huisikia nikiumwa tu. Zabibu za mvinyo hazingoji. Zikikatwa asubuhi, zinatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo. Zikilala juani zinaanza kuchacha, maji yanachuruzika, nyuki wanakuja, na kule kiwandani wanazinusa na kuzirudisha.

Kwa miaka mingi mzigo wetu ulibebwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mwenye lori. Ni mtu mchangamfu. Ana wateja wengi, na sisi, kwa kuwa ni ndugu, tulikuwa wa mwisho. "Dada, kesho," husema. Kesho yake: "Dada, nipo njiani." Msimu uliopita kreti zetu zilikaa shambani siku mbili zikimsubiri aliye njiani, na zaidi ya nusu zikarudishwa kutoka mlangoni pa kiwanda. Tulizimwaga kwenye korongo. Mke wangu hakulia. Alikung'uta kreti ya mwisho, akasema kwa utulivu ulionitisha:

"Mwakani zikirudishwa tena, nang'oa mizabibu yote napanda alizeti. Alizeti inajua kusubiri."

Alikuwa anasema kweli. Huyu mwanamke aliwahi kusema ataacha sukari, na hajaigusa tangu watoto wakiwa shule ya msingi.

Hapo ndipo mimi, mtu ambaye furaha yangu kubwa ni kukaa barazani na redio na kikombe cha chai ya tangawizi, mtu ambaye nikiitwa harusini huuliza kwanza kama itaonyeshwa kwenye simu, nilipoamua kutoka nje kutafuta tela. Tulikuwa na pikapu ndogo isiyotosha mzigo. Tela lingetosheleza. Nililikuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu, limelala kwenye majani, refu, la mabati yasiyoshika kutu. Muuzaji alisema lilikuwa la bwana mmoja aliyekuwa akipeleka boti yake bwawa la Mtera kuvua, boti ikafa, bwana akahama, tela likabaki. Nilikagua matairi. Nilikagua taa. Tulilivuta mbele kuzunguka uwanja, likafuata kama mbuzi aliyezoea kamba. Kulijaribu kurudi nyuma hakukunijia akilini. Nilinunua kitu cha kwenda mbele.

Nyumbani niling'oa zile roli za mpira ambazo tumbo la boti hukalia, nikapigilia mbao, nikapata sakafu nzuri ya kupanga kreti. Kisha nikataka kuliingiza uani kwa rivasi. Pikapu ikasukuma, tela likatikisika, magurudumu yakabana papo hapo, yakaanza kuburuzwa kwenye vumbi bila kuzunguka. Nikaongeza mafuta. Pikapu ikanguruma, kukawa na harufu ya kuungua, tela likabaki pale pale limekunja uso.

Ng'ambo ya njia anakaa bibi mmoja, mzaliwa wa Busi kule Kondoa, aliyekuja mjini kufanya biashara ya ufuta na akaamua kuzeekea hapa. Ana kigoda mlangoni kwake na macho yasiyochoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kupepeta ufuta wake.

"Bwana mdogo," alisema, na mimi nina mvi hadi kwenye masikio, "kule kwetu hata punda anarudi nyuma ukimwomba."

"Huyu hajazoea bado, Bibi."

"Nani, tela au wewe?"

Kwa nini kurudi nyuma kulikuwa jambo la kufa na kupona? Kwa sababu ya jukwaa la kiwanda. Zabibu hupokelewa kwenye njia nyembamba kati ya kuta mbili, yenye mwinuko kidogo, mizani ikiwa mwisho kabisa kwa ndani. Gari linaingia kwa rivasi tu. Kuweka kreti chini nje hakuruhusiwi, maana zabibu zenye vumbi hazipokelewi. Asiyeweza kuingia kwa rivasi anapelekwa mwisho wa foleni, na foleni ya mwezi wa nane ina magari ya kutosha kumchemsha mtu pamoja na mzigo wake. Kwa hiyo tela linalokataa kurudi nyuma lilikuwa sawa na kutokuwa na tela, na kutokuwa na tela kulikuwa sawa na alizeti.

Ndiyo maana nilipaka grisi. Sijitetei. Naeleza tu.

Baada ya safari ya mabua, nilikaa barazani siku mbili nikijifanya nafikiri. Siku ya tatu mke wangu alikuja na ndoo, akataka kupita, tela likiwa limeziba njia ya kuelekea kwenye banda la kuku. Lilikuwa tupu na halijafungwa kwenye pikapu.

"Njoo tulisogeze," alisema.

"Haliwezi kurudi nyuma."

"Njoo tulisogeze hivyo hivyo lisivyoweza."

Tukashika mbao za ubavuni, yeye huku, mimi kule, tukasukuma. Tela likarudi nyuma. Lilirudi laini kabisa, bila kelele, mpaka ukutani. Tukalivuta mbele, tukalirudisha tena. Likakubali tena. Nikalifunga kwenye pikapu, nikaweka gia ya rivasi, nikagusa mafuta kidogo, nikasikia chuma kikigonga chuma, na magurudumu yale, pamoja na grisi iliyobaki ndani yake, yakajaribu kubana.

Mke wangu aliweka ndoo chini.

"Tukilisukuma kwa mkono linarudi," alisema. "Ukilisukuma kwa gari linakataa. Kwa hiyo ugonjwa hauko kwenye magurudumu."

Nilimwangalia mtu niliyeishi naye miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa nimefungua magurudumu mara tatu.

Tukainama wote wawili kwenye shingo ya tela, lile bomba refu la mbele linaloungana na gari. Kwa kweli ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine, na la ndani linateleza. Mke wangu akanituma kwenye usukani nisogeze gari mbele, kisha nyuma, huku yeye akitazama. Gari likienda mbele, shingo inavutika, inarefuka. Gari likirudi, shingo inajikunja, bomba la ndani linazama na kusukuma kijibomba cha mafuta ya breki kilichojificha nyuma yake.

Hapo tukaelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma. Tela halikuwa bovu. Limetengenezwa hivyo. Ukiwa njiani ukafunga breki za gari, tela lenye mzigo linaendelea kuja, linaisukuma shingo, shingo inakunjika na tela linajifungia breki lenyewe. Hakuna waya wala kanyagio. Ni akili nzuri sana, ila ina upofu mmoja: shingo haijui nani anamsukuma nani. Gari likirudi nyuma, shingo inakunjika vilevile, nayo inadhani tunateremka mlima, inashika breki kwa uaminifu wote. Kwa majuma kadhaa nilikuwa napigana na kitu pekee pale uani kilichokuwa kinafanya kazi yake sawasawa.

Nikampeleka mgonjwa kwa fundi. Kwanza bitana za breki, ule utando mgumu unaosugua dramu, zilikuwa zimekunywa grisi, hazifai tena, ilibidi zibandikwe mpya. Fundi aliifuta grisi kwa kitambaa, akainusa, akaniangalia.

"Mzee, nani alikufanyia hivi?"

"Kuna fundi mmoja hivi."

"Usirudi kwake."

"Nakaa naye nyumba moja."

Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Alipopata pumzi, akashika bomba dogo linalopeleka mafuta magurudumuni.

"Sikiliza, mzee wangu. Tunakata hapa, tunaziba hapa, shida imekwisha. Litarudi nyuma mpaka ulichoke. Tela gani la huku lina breki? Matela yote ya trekta unayoyaona yanatembea bila breki."

"Na nikiteremka?"

"Unateremka taratibu."

"Nilishateremka taratibu. Nikaishia kwenye shamba la mtu."

"Ile ilikuwa grisi."

"Na hii itakuwa nini? Grisi na kukata bomba si kitu kile kile?"

Walikuwepo mafundi wengine wawili chini ya magari yao, wakatoa vichwa. Kila mmoja alikuwa upande wa kukata. Mmoja alisema breki za tela ni anasa za Wazungu. Mwingine akaniambia kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba hata yeye binamu yake alikata na mpaka leo yupo. Shemeji naye nikampigia simu, kosa jingine hilo, akasema, "Shemeji, kata, au uza hilo ngalawa lako nije nibebe zabibu kama zamani."

Kama zamani. Nadhani neno hilo ndilo lililonifanya niwe mbishi kuliko kawaida yangu, na kawaida yangu si haba. Nilikuwa nimekwisha kusukumwa na samadi. Sikutaka kusukumwa na zabibu za mwaka mzima huku mwenye zabibu amekaa pembeni yangu. Nikamwambia fundi kwamba bomba langu halikatwi. Kama kuna mtu aliyefikiria kulifanya tela lijifungie breki lenyewe, mtu huyo hakuwa mjinga wa kusahau kwamba watu hurudi nyuma. Lazima kuna kitu aliacha. Kitafutwe.

"Na kisipopatikana?"

"Kitafutwe tena."

Akatikisa kichwa, akachukua brashi ya waya, akaanza kusugua shingo, nusu kwa kunitii na nusu kwa kunionyesha ujinga wangu. Chini ya tope lililokauka na rangi, pakatokea tundu. Tundu la mviringo, limepenya bomba la nje. Akaivuta shingo mpaka mwisho, akachungulia ndani. Kwenye bomba la ndani kulikuwa na tundu jingine, na shingo ikiwa imevutika, matundu mawili yanatazamana.

"Palikuwa na pini," alisema.

"Ehe."

"Unachomeka pini, shingo haikunjiki, unarudi nyuma unavyotaka. Ukimaliza unachomoa, breki zinarudi kazini."

"Ehe," nilisema tena. Mafundi wale wawili walirudisha vichwa chini ya magari.

Alinikatia pini kutoka kwenye bolti nene, akaipinda juu iwe na mshikio. Tukajaribu pale pale: nikasogea mbele kidogo shingo inyooke, yeye akachomeka, nikaweka rivasi. Tela likarudi. Magurudumu yakazunguka. Nilifungua dirisha ili kila mtu gereji anione uso.

Mke wangu aliweka sheria moja. Pini ikiwa haiko shingoni kwa ajili ya rivasi, iwe mapajani pa abiria. Gari haliendi mbele mpaka abiria aioneshe. Maana ukiisahau shingoni, unateremka mlima bila breki za tela. Mimi niliona sheria hiyo ni ya kunidharau, halafu nikakumbuka mimi ni nani, nikaikubali.

Sasa ungefikiri matatizo yamekwisha. Mimi nilifikiri hivyo. Kumbe wakati wote nilipokuwa nalilaumu tela kwa kukataa kurudi nyuma, lilikuwa linaficha siri yangu: kurudisha tela sijui. Ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Ukishtuka ukakata kushoto, tela na gari vinakunjana kama kisu cha mfukoni. Kila jioni nilifanya mazoezi mbele ya nyumba, mke wangu akiwa amesimama nyuma, akinielekeza kwa mikono. Kata huku. Sasa rudisha. Rudisha mapema. Umechelewa. Nilibomoa ua wa michongoma wa bibi wa ng'ambo mara mbili. Mara ya pili hakuinuka hata kwenye kigoda.

"Ukifika kwenye kitanda changu uniambie," alisema, "nitandike."

Mke wangu mara moja alisema, "Nipe nijaribu." Yeye ndiye huendesha pikapu kwenda sokoni na kanisani, kwa kuwa mimi sipendi kutoka. Nilimwambia tela lina ufundi wake. Nililisema hilo nikiwa nimesimama kwenye michongoma.

Siku ya mavuno tuliamka na giza la alfajiri na kuanza kukata mara tu macho yalipoweza kutofautisha jani na kichala. Kina mama wa mashamba ya jirani walitusaidia, mikasi ikilia tik tik kwenye mistari, vidole vyeusi kwa utamu. Jua lilipopanda juu ya miti, kreti za mwisho zilikuwa zimepangwa kwenye tela, zimefunikwa turubai. Mke wangu alipita mstari mmoja mtupu, akagusa waya, akarudi. Alizeti ilikuwa bado inasubiri.

Kwenye mteremko mmoja wa njia ya kiwandani, ndama wa watu alikatiza barabara. Nikakanyaga breki. Nikaisikia shingo ikijikunja kwa nyuma, tela likashika, mzigo wote ukatulia nyuma yetu. Ndama akapita. Mke wangu aliinua pini kutoka mapajani pake, akaitazama, akairudisha. Nilitamani mafundi wote watatu wangekuwa wamekaa kwenye turubai.

Kiwandani foleni ilikuwa ndefu, lakini tulikuwa tumewahi. Zamu yetu ilipofika, mlinzi wa jukwaa akatupungia. Mke wangu akashuka, akachomeka pini, akanipa ishara. Nikarudi. Tela likaelekea ukuta wa kushoto. Nikatoka, nikajipanga, nikarudi tena. Likaelekea ukuta wa kulia. Mara ya tatu nilifanikiwa kuukaribia mlango, kisha kila kitu kikakunjana na pikapu ikawa inatazamana na tela lake lenyewe. Madereva wakaanza kupiga honi. Mmoja akaniuliza kama natafuta bandari.

"Mzee, moja ya mwisho," mlinzi alisema. "Ikishindikana unakwenda nyuma. Watu wana mizigo."

Nyuma kulikuwa mbali, juani, na zamu yangu ingefika tena alasiri, kama wangekuwa bado wanapokea. Nikaona kreti zikichuruzika. Nikaona korongo la mwaka jana. Ndipo lori lililokuwa nyuma yetu likafunguka mlango, akashuka shemeji, anatabasamu, maana lazima angekuwa yeye.

"Dada, hamishieni kreti kwangu hapa hapa," alisema. "Naingiza mara moja. Shemeji apumzike, ametoa jasho."

Alikuwa anasaidia kweli, hilo nalisema kwa haki. Na nusu yangu ilitaka kukubali. Mke wangu akamtazama mdogo wake, kisha akaitazama foleni yote ile ya wanaume waliotoa viwiko madirishani.

"Zimekuja na tela," alisema. "Zitaingia na tela."

Akaja mlangoni kwangu.

"Shuka."

Nilitaka kusema kitu kuhusu ufundi. Kilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikashuka.

Alipanda, akasogeza kiti mbele, akageuza kioo kwa vidole viwili. Alivuta gari mbele mpaka vyote viwili vikanyooka, zaidi ya nilivyowahi kufanya mimi, kisha akaanza kurudi polepole kuliko mtu anayetembea. Hakuzungusha usukani ovyo kama mimi. Aliugusa. Tela likianza kuinama upande mmoja, alikuwa ameshalijibu. Kelele za honi zilipungua moja moja, na mbao za nyuma zikapita kati ya kuta zile mbili kama barua kwenye bahasha, zikapanda mwinuko, zikafika kwenye mizani.

"Umejifunza wapi?" nilimwuliza dirishani.

"Nimesimama nyuma ya hilo tela kila jioni nikikutazama unavyokosea," alisema. "Mtu angeachaje kujifunza?"

Mpokeaji alifunua turubai, akachukua kichala, akakinusa, akapasua zabibu moja kwa kidole. Akachukua kutoka kreti ya chini, akanusa tena. Nilikuwa nimeshika pikapu ubavuni. Mke wangu hakushuka kwenye usukani. Alikuwa anamtazama mtu yule kwenye kioo, midomo imebanwa.

"Za leo hizi," mpokeaji alisema. "Pakua zote."

Zote. Tulipomaliza, nilikwenda kuchomoa pini, ikawa imebanwa. Nikamwambia dereva wangu asogee mbele kidogo, akasogea, ikatoka. Nikakaa kiti cha abiria nikaiweka mapajani, nikamwonesha. Shemeji, lori lake likisubiri kuingia, alituinulia mkono tukipita. Mke wangu alimpigia honi moja fupi.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akipanga: mstari wa mwisho una nyaya zilizolegea, upande wa kusini apande miche mipya, atahitaji samadi zaidi. Nilisema tela lipo. Alisema anajua lipo.

Nyumbani bibi alikuwa kigodani pake. Mke wangu alilirudisha tela uani bila kugusa hata mwiba mmoja wa michongoma, akaingia ndani kunawa. Mimi nikabaki njiani na pini yangu mkononi, nikamwamkia bibi, nikaanza kumsimulia: zimepokelewa zote, mizabibu haing'olewi, breki hazikukatwa, nilisema tangu mwanzo bomba lile halikatwi, mafundi wote walinipinga, nikakataa. Nilifika pale kwenye mizani nikatumia neno "tuliingiza". Bibi akaweka ungo chini.

"Nimemwona aliyeingiza," alisema. "Sasa kama mkeo anajua kurudi nyuma namna hiyo, majuma yote haya ulikuwa unang'ang'ania usukani wa nini?"